Upasuaji wa Saratani ya Kongosho Unaosaidiwa na Roboti: Ufafanuzi wa Dhana, Ushahidi na Njia ya Rufaa ya Mgonjwa wa Mlandege, Iringa

Ikisiri

Makala haya yanafafanua upasuaji wa saratani ya kongosho unaosaidiwa na roboti, na kuuweka katika mazingira ya mgonjwa anayeanza safari yake ya tiba katika Kata ya Mlandege, Manispaa ya Iringa. Yanaeleza ogani yenyewe, upasuaji wa Whipple, kazi halisi ya mashine, na matokeo ya majaribio ya kitabibu yaliyochapishwa kati ya mwaka 2019 na 2024. Inajengwa hoja kwamba manufaa ya roboti yapo, lakini ni madogo kuliko yanavyosimuliwa, na huonekana mwishoni kabisa mwa mnyororo wa maamuzi ambao pete zake za mwanzo ni za lugha: jina analopewa mtu aliyegeuka rangi ya macho, na maelezo anayopewa kabla hajatia saini ya ridhaa.

1.0 Utangulizi

Habari za upasuaji wa roboti humfikia msomaji wa Kiswahili hasa kupitia taarifa fupi za magazeti. Taarifa hizo aghalabu huanza na mashine na kuishia na mashine. Mgonjwa hutajwa kidogo, na ogani inayopasuliwa hutajwa kidogo zaidi. Kongosho limeathirika zaidi na desturi hiyo. Mwanafunzi wa Tanzania hulisikia jina lake katika somo la Sayansi la shule ya msingi, kisha anapoingia sekondari hulikuta limebadilishwa lugha, na wengi hawalirudii tena mpaka siku ndugu yao anapougua kisukari au saratani. Si ajabu kwamba katika mazungumzo kongosho huchanganywa na bandama, au hata na figo.

Mlandege inayozungumziwa hapa ni kata ya Manispaa ya Iringa, si mtaa wa Mjini Unguja wenye jina hilo ambao mashabiki wa soka wanaufahamu zaidi. Imechaguliwa kwa sababu ya kawaida kabisa. Ni kata ya mjini, na mkazi wake haishi mbali na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa. Hana kikwazo cha umbali wa kumfikia daktari wa kwanza kama alicho nacho mkazi wa kijiji cha Kilolo au Mufindi. Ikiwa njia ya tiba itaonekana kuwa ngumu hata kwake, basi kwa wengine wa Nyanda za Juu Kusini itakuwa ngumu zaidi.

2.0 Kongosho na saratani yake

Kongosho ni tezi laini yenye urefu wa takriban sentimita 15, iliyolala kwa kukingama nyuma ya mfuko wa tumbo, mbele ya uti wa mgongo. Kichwa chake kimekumbatiwa na duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Shingo yake inapita juu ya vena kubwa zinazopeleka damu kwenye ini. Mkia wake unafika karibu na bandama. Tezi hii ina kazi mbili. Humwaga ndani ya utumbo vimeng'enya vinavyosaga mafuta, protini na wanga, na huingiza ndani ya damu homoni, insulini ikiwa maarufu zaidi.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu takriban 511,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, na takriban 467,000 walikufa kwayo. Ukaribu wa namba hizo mbili ndio sura ya ugonjwa huu. Saratani nyingine huwa na tofauti kubwa kati ya wanaougua na wanaokufa. Hii karibu haina. Sababu ya kwanza ni mahali ilipo: uvimbe hukua gizani, nyuma ya ogani nyingine, bila kushikika kwa mkono wala kuuma mapema. Sababu ya pili ni mishipa. Ateri na vena kubwa za utumbo zinapita zikiigusa tezi, na uvimbe ukishaizunguka ateri, kisu hakina tena nafasi ya kupita. Kwa hiyo ni wagonjwa kati ya asilimia 15 na 20 tu ambao, siku ya kugunduliwa, uvimbe wao unaweza kuondolewa.

Saratani nyingi za kongosho huota kichwani mwa tezi. Mrija wa nyongo unaoteremka kutoka kwenye ini hupita ndani ya kichwa hicho kabla ya kufunguka kwenye duodeni, hivyo uvimbe unapokua huubana. Nyongo ikikosa njia hurudi kwenye damu, na macho hugeuka rangi. Uvimbe wa mkiani hauna mlango wa kubisha; hugunduliwa ukiwa mkubwa, mara nyingi ukiwa umekwisha kusambaa. Katika ugonjwa wenye bahati chache, manjano ya mapema ni mojawapo.

3.0 Manjano yasiyo homa

Bahati hiyo inaweza kupotea kwa sababu ya neno. Katika Kiswahili Sanifu, homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ule ambao wasafiri hudaiwa cheti cha chanjo yake mipakani. Homa ya ini ni uvimbe wa ini unaosababishwa hasa na virusi. Hali ya macho na ngozi kugeuka rangi, ambayo ni dalili wala si ugonjwa, haina jina moja lililokubalika kwa wote: wapo wanaosema manjano, wapo wanaosema umanjano, na katika mazungumzo ya kila siku kutoka manjano hadi homa ya manjano ni hatua fupi mno ya ulimi.

Tatizo si la wanakamusi peke yao. Neno homa humwelekeza msikilizaji kutafuta joto la mwili, maambukizi na dawa ya muda mfupi. Neno ini humwelekeza kwenye ini, na katika jamii nyingi kwenye mizizi na majani ya kuchemsha ambayo huaminiwa kusafisha ini. Mgonjwa wa saratani ya kichwa cha kongosho hana joto, pengine hana maumivu, na ini lake si chanzo cha tatizo. Akisubiri wiki sita akinywa dawa ya homa ambayo hana, uvimbe hausubiri pamoja naye.

Dalili zinazoutenga ugonjwa huu zinaweza kusemwa kwa Kiswahili chepesi. Mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Choo hupauka, kwa kuwa nyongo inayokipa rangi haifiki utumbuni. Mwili huwasha, hasa usiku. Uzito hupungua bila mtu kujinyima chakula, na wengine hupata kisukari ukubwani bila historia ya kisukari katika familia wala unene. Daktari anapobonyeza chini ya mbavu za kulia anaweza kukuta mfuko wa nyongo umevimba lakini hauumi. Alama hiyo ilielezwa na Ludwig Courvoisier mwaka 1890, na bado haihitaji umeme wala mtandao. Makala haya yanapendekeza istilahi manjano ya kuziba kwa hali ambayo mrija umebanwa, kuitofautisha na manjano ya ini, ambayo tatizo lake liko ndani ya ini lenyewe. Kishazi hicho kina ubora mmoja: kinamwambia mgonjwa kwamba kuna kitu kimeziba, na kilichoziba hutafutwa kwa kipimo cha picha.

4.0 Upasuaji wa Whipple

Kukiondoa kichwa cha kongosho si sawa na kukata kipande cha mkate. Kichwa, duodeni na sehemu ya chini ya mrija wa nyongo hulishwa na mishipa ileile ya damu, kwa hiyo haviwezi kutenganishwa. Vinaondoka pamoja, pamoja na mfuko wa nyongo, na mara nyingine pamoja na sehemu ya mwisho ya mfuko wa tumbo. Walther Kausch aliufanya upasuaji wa namna hii Berlin mwaka 1909. Allen Whipple wa New York alichapisha ripoti yake mwaka 1935, wakati ule ukifanywa kwa awamu mbili, na ni jina lake lililoushika upasuaji huu duniani kote.

Kuondoa ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuunganisha upya: kipande cha kongosho kilichobaki hushonwa kwenye utumbo, mrija wa nyongo hushonwa kwenye utumbo, na mfuko wa tumbo au mabaki ya duodeni hushonwa kwenye utumbo. Mishono ya kongosho ndiyo inayoogopwa. Tezi ni laini, haishiki uzi vizuri, na kimiminika chake kimeumbwa kusaga nyama. Mshono ukivuja, vimeng'enya huanza kula kilicho jirani, ikiwemo mishipa ya damu, na mgonjwa aliyekuwa akiendelea vizuri siku ya tano anaweza kutokwa na damu nyingi siku ya kumi.

Hapa ndipo ulipo ukweli ambao, kwa maoni ya makala haya, una uzito kuliko mashine yoyote. Birkmeyer na wenzake (2002) walichunguza kumbukumbu za wagonjwa wazee wa Marekani na kuona kwamba katika hospitali zilizofanya upasuaji wa kongosho chini ya mara moja kwa mwaka, vifo vilikuwa asilimia 16.3, katika hospitali zilizoufanya zaidi ya mara 16 kwa mwaka, vilikuwa asilimia 3.8. Nchi ni ileile, na kisu ni kilekile. Kilichotofautiana ni mazoea ya kikundi kizima: mpasuaji, mtoa dawa ya usingizi, muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, na mtaalamu wa picha anayeweza kuuziba mshipa unaovuja usiku wa manane.

5.0 Kazi halisi ya roboti

Jina lenyewe linahitaji kufunguliwa. Kiunganishi cha -a unganifu katika Kiswahili hubeba mahusiano mengi: upasuaji wa mgonjwa ni ule anaofanyiwa, upasuaji wa daktari ni ule anaoufanya, upasuaji wa matundu madogo ni wa namna fulani. Msikilizaji anapoambiwa upasuaji wa roboti ana haki ya kuelewa kwamba roboti ndiye mpasuaji, tena ngeli ya watu ikimjia mdomoni bila kujijua. Si hivyo. Mashine zinazotumika katika upasuaji wa kongosho hazikati chochote kwa uamuzi wake zenyewe. Ndiyo sababu makala haya yanashikilia kirai kirefu, upasuaji unaosaidiwa na roboti, licha ya urefu wake kuchosha.

Mfumo uliotumika zaidi ni da Vinci wa kampuni ya Intuitive Surgical, ulioidhinishwa Marekani kwa upasuaji wa tumbo mwaka 2000. Una sehemu tatu. Mpasuaji huketi kwenye meza ya udhibiti, mita chache kutoka kwa mgonjwa, akitazama picha ya pande tatu iliyokuzwa. Kando ya kitanda husimama mashine yenye mikono minne, mmoja ukishika kamera na mitatu ikishika vifaa. Sehemu ya tatu ni kabati la picha na umeme. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili kupata nafasi, na vifaa hupita katika matundu yenye upana wa takriban milimita 8. Mpasuaji akisogeza vidole, ncha ya kifaa husogea, lakini kwa kipimo kilichopunguzwa na mtetemo wa mkono ukiwa umechujwa. Ncha hiyo ina kiwiko chake kidogo kinachojikunja ndani ya mwili. Msaidizi mwenye kanzu safi hubaki kando ya mgonjwa muda wote.

Faida hiyo ya kiwiko inaeleweka zaidi ukiulinganisha upasuaji huu na ule wa kawaida wa matundu madogo, ambao vifaa vyake ni vijiti vilivyonyooka. Kutoa mfuko wa nyongo kwa vijiti ni kazi inayofanyika vizuri. Kushona mrija wa milimita tatu kwenye utumbo kwa vijiti ni jambo jingine. Michel Gagner na Alfons Pomp walichapisha mwaka 1994 upasuaji wa Whipple uliofanywa kwa vijiti hivyo, lakini kwa miaka mingi waliowafuata walikuwa wachache. Roboti ilipokuja, Pier Cristoforo Giulianotti na wenzake, wakiwa katika hospitali ya mji wa Grosseto, Italia, waliripoti mwaka 2003 kwamba walikuwa wameitumia pia katika kongosho. Grosseto si jiji kuu. Jambo hilo hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba mashine inaweza kuuleta upasuaji mgumu katika miji ya mikoani. Husahaulika kwamba mpasuaji mwenyewe alikuwa bingwa kabla ya mashine.

Upungufu upo. Katika matoleo mengi ya mfumo huu mpasuaji haupati mguso: haioni kwa vidole tofauti kati ya tishu laini na tishu ngumu, bali huikisia kwa macho. Toleo la da Vinci lililoidhinishwa Marekani mwaka 2024 limeanza kurudisha hisia ya nguvu mkononi. Gharama nayo haifichiki. Taarifa za kampuni yenyewe za mwishoni mwa miaka ya 2010 zilitaja bei ya kati ya dola milioni 0.5 na milioni 2.5 kwa mfumo mmoja, matengenezo ya mwaka ya kati ya dola 80,000 na 190,000, na vifaa vya mikononi ambavyo kila kimoja kina idadi ya matumizi iliyowekwa, kisha mashine hukikataa. Mashine ya msaada ikifika bandarini Dar es Salaam bila bajeti ya vifaa hivyo, itafanya kazi kwa miezi, si kwa miaka.

6.0 Ushahidi wa majaribio

Swali la watafiti ni rahisi kulisema: mgonjwa aliyepasuliwa kwa roboti hupona vizuri zaidi kuliko aliyepasuliwa tumbo wazi? Jibu limekuja polepole na kwa vipande.

Kwa mkia wa kongosho, ambako hakuna mirija ya kuunganisha, jibu ni la kutia moyo. Jaribio la Uholanzi liitwalo LEOPARD (2019) lilionesha kwamba waliopasuliwa kwa matundu madogo walirudi kwenye hali ya kujimudu baada ya siku 4, wenzao wa tumbo wazi baada ya siku 6. Jaribio la kimataifa la DIPLOMA (2023) lilithibitisha kwamba kwa upande wa saratani, njia ya matundu madogo haikuwa duni katika kuuondoa uvimbe wote.

Kwa kichwa, hadithi ni nyingine. Jaribio la LEOPARD-2, pia la Uholanzi, lililinganisha upasuaji wa Whipple kwa vijiti na ule wa tumbo wazi. Lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Katika wagonjwa 50 wa matundu madogo, 5 walikufa kutokana na madhara ya upasuaji ndani ya siku 90. Katika 49 wa tumbo wazi, alikufa 1. Kitakwimu tofauti hiyo haikufikia kiwango cha uhakika, lakini kamati ya usalama haikungoja ifike, na ni vigumu kuilaumu. Inafaa kusisitizwa kwamba wapasuaji wale walikuwa wamepitia mafunzo maalumu, katika hospitali zenye kazi nyingi, ndani ya nchi ndogo yenye barabara nzuri na vitanda vya wagonjwa mahututi. Waholanzi baadaye walielekeza mafunzo yao kwenye roboti.

Majaribio mawili ya roboti yalichapishwa mwaka 2024. Lile la China, lenye wagonjwa 164 na wapasuaji waliokwisha kuvuka kipindi cha kujifunza, liliona kwamba wa roboti walikaa hospitalini siku 11 kwa wastani wa kati, wa tumbo wazi siku 13.5; madhara na vifo havikutofautiana kwa kiwango cha maana. Lile la Heidelberg, Ujerumani, liitwalo EUROPA, lilikuwa dogo zaidi na halikuona tofauti katika jumla ya madhara, ila roboti ilichukua muda mrefu zaidi chumbani na kugharimu zaidi. Msomaji anayetaka kuishabikia mashine atalishika la China. Anayetaka kuipinga atalishika la Ujerumani. Yakisomwa pamoja yanasema kitu cha kiasi: mikononi mwa wazoefu, roboti haimdhuru mgonjwa na inaweza kumpunguzia siku mbili tatu za kitandani.

Neno wazoefu hapo si pambo. Boone na wenzake (2015) walifuatilia upasuaji 200 mfululizo wa Whipple kwa roboti katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Upotevu wa damu ulipungua baada ya upasuaji 20. Kuvuja kwa kongosho kulipungua baada ya 40. Muda wa upasuaji ulipungua baada ya 80. Mwongozo wa kimataifa uliokubaliwa Miami mwaka 2019 unazitaka hospitali zinazoufanya upasuaji huu kwa matundu madogo zifikishe angalau 20 kwa mwaka. Hesabu hiyo ni ya kukatisha tamaa kwa nchi ambayo wagonjwa wengi huchelewa. Ikiwa ni mmoja kati ya watano au sita tu anayefaa kupasuliwa, hospitali inahitaji kuona zaidi ya wagonjwa mia moja kwa mwaka ili ipate 20.

7.0 Njia ya kutoka Mlandege

Ichukuliwe kwa mfano kwamba mkazi wa Mlandege, mtu mzima wa miaka sitini, amegeuka macho. Kwa utaratibu wa rufaa wa Tanzania ataanzia zahanati au kituo cha afya, ataandikiwa kwenda hospitali ya wilaya au moja kwa moja hospitali ya rufaa ya mkoa, kisha hospitali ya kanda, kisha ya taifa. Mjini Iringa hatua ya kwanza na ya tatu zimekaribiana. Ultrasaundi inaweza kuonesha siku hiyo hiyo kwamba mirija ya nyongo imepanuka. Katika miaka ya karibuni Serikali imesambaza mashine za CT katika hospitali za rufaa za mikoa, na hayo ni mabadiliko makubwa kwa ugonjwa huu kuliko roboti yoyote, kwa sharti kwamba picha ipigwe kwa dawa ya kung'arisha mishipa na kwa wakati uliopimwa. Picha isiyoonesha ateri haiwezi kujibu swali la pekee ambalo mpasuaji analo: je, uvimbe umeishika?

Baada ya hapo jiografia huingilia. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, inayohudumia mikoa ya Nyanda za Juu Kusini, iko zaidi ya kilomita 300 kusini-magharibi. Muhimbili na Taasisi ya Saratani Ocean Road ziko Dar es Salaam, takriban kilomita 500 upande wa pili, kupitia mteremko wa Kitonga na Mikumi. Mgonjwa wa Iringa anayefuata ngazi za rufaa bila kuruka anaweza kupelekwa Mbeya, kisha, akihitaji madaktari bingwa bobezi wa taifa, akarudishwa kwa barabara ileile na kupita tena Ipogolo, chini ya mji wake, akielekea pwani. Kila safari ina msindikizaji, nauli, mahali pa kulala, na karatasi ya rufaa yenye muhuri. Upasuaji unaosaidiwa na roboti haumo katika njia hiyo ya kawaida ya mgonjwa wa Iringa. Wachache wenye uwezo huutafuta nje, hasa India.

Ucheleweshaji huo una athari ya kitabibu inayopimika. Van der Gaag na wenzake (2010) walionesha kwamba kuweka kimrija cha kufungua njia ya nyongo kwa kila mgonjwa kabla ya upasuaji huongeza madhara makubwa: asilimia 74 dhidi ya 39 kwa waliopasuliwa mapema. Somo kwa Rotterdam au Amsterdam ni kupasua wiki hiyo hiyo. Mgonjwa wa Mlandege hana wiki hiyo. Kwake kimrija ndicho kinachomfanya afike mezani akiwa na ini na figo zinazofanya kazi, na kwa yule ambaye uvimbe wake hauondoleki, ndicho kinachomwondolea muwasho na kumrudishia usingizi. Mwongozo ulioandikiwa mahali pasipo safari hauwezi kunakiliwa kama ulivyo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekusudia kuondoa sehemu ya mzigo wa malipo. Utekelezaji wake utapimwa, kwa upande wa ugonjwa huu, kwa jambo dogo: kama kitita kinamhesabu mgonjwa wa saratani kuwa na safari moja ya rufaa au tatu.

Njia fupi zaidi ingekuwa picha kusafiri badala ya mgonjwa. CT iliyopigwa Iringa inaweza kusomwa Dar es Salaam jioni hiyo na kikao cha madaktari wa upasuaji, saratani na picha, na mgonjwa akaambiwa mapema kama aende pwani kupasuliwa, aende kupata kimrija, au abaki kwa ajili ya tiba shufaa karibu na watu wake. Hili linahitaji mtandao, saa ya kikao na mtu wa kuandika uamuzi. Kuna mvuto wa kwenda mbali zaidi na kumsafirisha mkono wa mpasuaji mwenyewe: Jacques Marescaux akiwa New York alitoa mfuko wa nyongo wa mgonjwa aliyekuwa Strasbourg mwezi Septemba 2001, na mwaka 2025 mpasuaji aliyekuwa Florida alimpasua tezi dume mgonjwa aliyekuwa Angola. Lakini mshono wa kongosho huvuja siku ya saba, mpasuaji wa mbali akiwa ameshazima mashine, na anayebaki na mgonjwa ni muuguzi wa zamu. Kituo cha IRCAD Africa kilichozinduliwa Masaka, Kigali, mwezi Oktoba 2023 na kinachofundisha upasuaji wa matundu madogo kina manufaa ya karibu zaidi, kwa kuwa kinawafundisha watu ambao watakuwepo siku ya saba.

8.0 Ridhaa na maisha baada ya upasuaji

Upasuaji uliofanikiwa si mwisho wa tiba. Katika jaribio la Ufaransa na Kanada lililochapishwa mwaka 2018, waliopewa baada ya upasuaji mchanganyiko wa dawa za saratani uitwao FOLFIRINOX, uliopunguzwa makali, waliishi miezi 54.4 kwa wastani wa kati, dhidi ya miezi 35.0 kwa waliopewa dawa moja ya zamani. Kwa hiyo thamani ya kupona haraka, ambayo ndiyo ahadi ya roboti, ni kumwezesha mgonjwa kuanza dawa hizo kwa wakati. Jeraha dogo kwa mtu ambaye hataweza kurudi Ocean Road kila wiki mbili lina faida ndogo.

Yapo mambo mengine ambayo fomu ya ridhaa iliyotafsiriwa kwa haraka huyaruka. Mgonjwa anaweza kubaki na kisukari. Aliyeondolewa bandama pamoja na mkia wa kongosho anahitaji chanjo na tahadhari ya maisha dhidi ya maambukizi. Iringa ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo, lakini mtu huyo akiteremka Kilombero au Dar es Salaam hana tena mlinzi aliyekuwa naye. Na vidonge vya vimeng'enya ambavyo wengi huhitaji kumeza kila mlo hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe. Kwa familia ya Kiislamu jambo hilo lastahili kusemwa kabla ya upasuaji, ili wapate nafasi ya kumuuliza shehe wao kuhusu dharura ya dawa, badala ya kuligundua kwenye kijikaratasi cha ndani ya boksi na mgonjwa kuacha dawa kimyakimya huku akikonda.

Yafuatayo ni maelezo yanayopendekezwa kusomwa kwa sauti mbele ya mgonjwa na ndugu yake, kabla ya fomu kutolewa, katika hospitali yoyote itakayoanzisha huduma hii:

"Mzee wetu, ndani ya tumbo lako, nyuma ya mfuko wa chakula, kuna tezi iitwayo kongosho. Kichwani mwake kumeota uvimbe, na uvimbe huo umeuziba mrija wa nyongo. Ndiyo maana macho yamebadilika. Tunakusudia kuuondoa. Mimi ndiye nitakayekupasua. Mashine itashika vifaa, nami nitaiongoza nikiwa chumba kimoja na wewe. Haitafanya lolote nisilolitaka. Nikiona haifai, nitaiweka kando na kufungua tumbo kwa mkono, na hilo halitakuwa kosa. Nimefanya upasuaji wa namna hii mara kadhaa, na nitakutajia idadi yake sasa hivi. Kati ya waliopasuliwa hapa, nitakutajia pia wangapi hawakurudi nyumbani. Baada ya hapo utahitaji dawa nyingine kwa miezi sita. Una ruhusa ya kuuliza, ya kwenda kushauriana na nyumbani, na ya kukataa, ukikataa hatutakuacha."

Nafasi mbili za idadi katika maelezo hayo zimeachwa ili zijazwe na daktari mwenyewe, kwa kalamu, siku hiyo.